Kondishina ya rangi, kupaka upya au kuhamia rasta: ipi itakufaa ukiwa na nywele za rangi kali Mombasa

Haya, wenye vichwa vyekundu, bluu, zambarau na yale mapinki ya kung'aa, hii ni yenu. Siongelei kupaka mara ya kwanza, hiyo mshamaliza na pesa zishaenda, naongelea ile kazi inayokuja baadaye, manake rangi hizi kali hazidumu kama ile nyeusi ya kuficha mvi, ukiziacha wiki tatu nne bila kuziangalia unabaki na kichwa cha rangi isiyokuwa na jina na mashangazi wanakuuliza kama ulikuwa mgonjwa.

Njia za kuzitunza hapo nyumbani ukiondoa porojo ziko tatu. Kuna kondishina ya rangi, yaani unachukua kondishina nyeupe ya kawaida unachanganya na rangi yako na kila ukiosha nywele unarudisha kidogo kile kilichotoka. Kuna kupaka upya kichwa kizima, unaiacha ipauke halafu siku moja unajifungia ndani na glavu na bakuli unaanza mwanzo. Na kuna kuacha vita, nywele zako unazificha na ile rangi unaivaa kwenye rasta, zile nywele za bandia za kusukia, au wigi. Watu wengi huchagua kwa kuangalia picha au bei ya chupa. Mimi naona hapa kwetu Pwani uanze na maji yanayotoka kwenye mfereji wako, halafu uhesabu kichwa chako kinalowa mara ngapi kwa wiki, rangi yenyewe iwe ya tatu.

Kwanza tuelewane hizi rangi zinafanyaje kazi, manake ukielewa hapa hata maneno ya muuza duka hayatakusumbua. Zile rangi kali unazofungua na kupaka moja kwa moja, kina Manic Panic, Adore, Crazy Color, Arctic Fox na wenzao, si sawa na rangi ya boksi ya kuchanganya na developa, yale maji ya peroksaidi ya kuamsha rangi. Rangi ya boksi inatengenezeka ndani ya unywele na inanasa huko. Hizi kali zimekuja zishakuwa rangi tangu kwa chupa, unapaka zinaingia kwenye magamba ya nje ya unywele na kidogo chini yake, basi, hakuna kinachozifungia hapo. Na nywele za kwetu nyeusi hazionyeshi bluu wala pinki bila kupigwa blichi, na blichi ikishapita magamba yanabaki wazi na unywele una matundu matundu, ndo sababu rangi inashika haraka vile na inatoka haraka vile vile.

Na kinachoitoa sana si jua kama watu wanavyodhani, ni maji. Unywele ukilowa unavimba, unene wake unaongezeka karibu asilimia 15, na ukivimba tu kuna rangi inateremka hata kama hujatia tone la shampuu. Shampuu yenye salfeti inazidisha, maji moto yanazidisha, kusugua kunazidisha, lakini mwizi mkubwa ni maji yenyewe. Kwa hivyo zile shampuu za "kulinda rangi" unazouziwa kwa bei ya mbuzi zinasaidia kiasi, si vibaya kuwa nayo, ila ukiosha kila siku na hiyo shampuu ya bei hiyo bado mwenye kuosha mara moja kwa wiki na sabuni ya kawaida atakushinda.

Sasa maji ya Mombasa. Kuna wenye maji ya mfereji ya kampuni, yale yanayotoka chemchemi za Mzima kule Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, yakija yamekuja na mgao ukianza unajaza mapipa. Na kuna wengi wetu, Kisauni, Bamburi, Likoni, Mtwapa huko, ploti nzima inategemea kisima, na maji ya kisima mengi ya huku yana chumvi, mengine ukionja unajua kabisa bahari iko jirani. Maji ya chumvi na ya madini hayafanyi povu vizuri. Povu likikosa unaongeza shampuu, unasugua tena, unasuuza tena na tena manake kichwa bado kinanata kwa namna ya ajabu, na ukimaliza umelowesha nywele muda mrefu kuliko mwenye maji ya mfereji, tena juu ya unywele kumebaki utando wa madini unaofanya rangi ionekane imefifia hata kama bado iko. Bluu ndio huonekana chafu haraka, nyekundu inavumilia.

Kwa hivyo mtu wa kisima, kupaka upya kichwa kizima kila mwezi utafilisika bure. Hiyo rangi yote unayoipaka kwa saa nzima inaanza kuondoka kwa fujo josho la kwanza tu. Wewe kondishina ya rangi ndio yako, na tena usiifanye kama nyongeza, ifanye ndio kuosha kwenyewe: siku nyingi acha shampuu, paka kondishina nyingi kwenye nywele mbichi, sugua ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole, iache dakika 15 mpaka 20, suuza. Na yale maji ya mwisho ya kusuuzia nunua mtungi mmoja wa maji ya mfereji kwa mwenye mkokoteni, lita 20 zinatosha na zinabaki. Au masika yakianza, kinga maji ya mvua kwenye ndoo, acha bati lioshwe kwanza na ile mvua ya mwanzo, yanayofuata kinga, hayana madini, povu lake utalipenda. Ukiona nywele zishakuwa ngumu kama zina vumbi lisilotoka, tafuta shampuu ya kutoa madini, kwenye lebo utaona EDTA, lakini hiyo itumie siku moja kabla ya kupaka rangi upya, usiitumie siku moja baada ya kupaka, manake inasafisha kila kitu haibagui.

Mwenye maji mazuri ya mfereji anaweza kuchagua. Hapo ndio ratiba inaingia.

Na ratiba si mambo ya jim peke yake. Wanawake wa Kiislamu huku tunajua, kichwa hakioshwi kwa mapenzi tu, kuna josho la lazima, baada ya hedhi, na walio na waume wanajua mengine, na hapo maji lazima yafike mpaka kwenye mashina. Hesabu hayo majosho kabla hujachagua. Udhu wa kupangusa kichwa kwa mkono mbichi hauna madhara ya kuonekana kwenye rangi, ni unyevu kidogo tu, josho ndio lenye hesabu. (Na kwa wale huuliza kila siku, hizi rangi hazifanyi utando juu ya unywele kama rangi ya kucha, zimo kwenye unywele na maji yanapita. Ukiwa bado na wasiwasi muulize ustadh wako, usiulize saluni.) Sasa mtu anayelowesha kichwa chote mara tatu kwa wiki, kupaka upya kila mwezi kutamwacha na wiki moja ya raha na tatu za kupauka, bora kondishina ya rangi kila josho. Anayeosha mara moja kwa wiki mbili, aliye na dredi au aliyebana nywele, huyo apake tu rangi kamili kila baada ya wiki sita hivi, kondishina ya rangi atakuwa anajisumbua.

Jasho nalo usilisahau. Kuanzia Disemba mpaka Machi, kaskazi ikishika, hakuna kichwa kikavu Mombasa, na ukivaa mtandio juu yake unakuwa umejifukiza. Mtandio una faida yake, jua halikuoni, na jua la huku linapausha kweli, angalia tu wale vijana wa ufuoni ncha zao zinavyogeuka. Lakini jasho chini ya mtandio linatoa rangi na kuipaka kwenye kitambaa, shingoni, kwenye kola, mpaka kwenye foronya. Vaa kofia ya ndani ya satini ya rangi nyeusi au ya damu ya mzee, na ile mitandio myeupe ya Eid iweke mbali na nywele nyekundu kwa wiki ya kwanza baada ya kupaka. Hapa pia njia mbili zinatofautiana: ukipaka kichwa kizima, siku tatu nne za mwanzo rangi inamwagika kila mahali hata usuuze vipi, kondishina ya rangi inatoa kidogo kidogo na huoni aibu mbele za watu. Mwenye ofisi na shati jeupe ajue hilo.

Haya, tuziweke mbili za kwanza ana kwa ana.

Kondishina ya rangi, gharama yake kubwa ni mara moja. Unanunua kondishina nyeupe ya bei ya chini, ile kubwa, isiwe na rangi yake wala isiwe na proteni nyingi, unatia rangi. Kipimo wengi huanza kijiko kimoja cha rangi kwa vijiko vitatu au vinne vya kondishina, ukitaka kali zaidi ongeza rangi, ukitaka pinki nyepesi punguza mpaka ionekane kama haina kitu. Angalia vile inavyoonekana kwenye bakuli, hivyo hivyo ndivyo itakavyoonekana kwenye unywele uliopaushwa sana, ila kwenye unywele wa manjano itasogea kidogo. Chupa moja ya rangi inakwenda miezi ukiitumia hivi. Iweke kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko, usitie maji ndani, na usiingize mkono mbichi, chukua kwa kijiko kikavu, manake kwa joto letu kitu kikiingia maji kinaanza kunuka mapema. Na hii ni kwa zile rangi za kufungua na kupaka tu, usije ukachanganya rangi ya boksi na kondishina ukangojea muujiza, ile bila developa haifanyi kitu na ikiwa na developa unajipausha upya bila kujua.

Ubaya wake? Unatunza, hujengi. Kama rangi ishakwisha kabisa na kumebaki manjano yenye mabaka, kondishina itashika pale penye matundu zaidi, kwa kawaida ncha, na kule juu itateleza, unapata kichwa chenye ncha kali na juu kumekufa. Na inachafua bafu kila wiki. Kama mnatumia bafu moja ploti nzima, jua utagombana na mtu, beba kitambaa na futa ukuta pale pale kabla hakujakauka.

Kupaka upya kichwa kizima kunampa mtu ile rangi ya siku ya kwanza, hakuna kingine kinachoifikia. Unaosha kwa shampuu bila kondishina, unakausha kabisa, unapaka mafuta ya mgando kwenye paji la uso na masikio, unagawa nywele mafungu, unapaka kwa brashi mpaka kila unywele umekunywa, mfuko wa nailoni juu, nusu saa au saa nzima, hizi hazina developa kwa hivyo kuzidisha muda hakuchomi nywele. Kusuuza maji baridi mpaka yapungue rangi. Lakini nywele ndefu au nene zinakula chupa mbili kwa mara moja, na jioni nzima imeenda. Faida moja ambayo watu hawaisemi ni kwamba ukipaka upya unaweza kurekebisha kosa la rangi, pale ambapo bluu ishageuka kijani unaamua moja kwa moja uende kijani kabisa au uirudishe, kondishina haina nguvu hiyo.

Ukiniuliza mimi, kwa mtu wa kawaida wa Mombasa, anayetoka na matatu, anayetoka jasho, mwenye maji ya mchanganyiko, leo mfereji kesho kisima: kondishina ya rangi kila wiki, na kichwa kizima mara moja kila miezi miwili mitatu kukiwa na harusi au Eid. Kupaka upya kila mwezi bila kondishina katikati ni njia ya wenye pesa na wenye subira, na wengi wetu tuna moja tu kati ya hizo, au hatuna hata moja.

Sasa rasta na wigi. Hii njia watu huiita kupumzisha nywele na mara nyingi si kweli. Nywele zilizopigwa blichi ni dhaifu, ukizisuka rasta ndogo ndogo za kubana na uzito wa ile nailoni ukining'inia, zinakatika pale pale penye shina, na wewe hutajua mpaka siku ya kufumua. Kama zilikuwa za dawa ya kunyoosha kabla ya blichi ndio usiseme kitu, dawa na blichi juu ya unywele mmoja ni kuomba janga. Ukitaka rasta za rangi sukwa kubwa, nyepesi, zisikae zaidi ya wiki sita, na zile pakiti zilowekwe kwenye maji yenye siki kabla ya kusukwa, ile kitu nyeupe inayotoka ndio huwa inawasha kichwa. Wigi ndilo linalopumzisha kweli, nywele zako zimesukwa mistari bapa chini na mafuta kidogo, wigi lako la zambarau unalivaa ukitoka unalivua ukiingia. Ila jaribu kuvaa wigi mwezi wa Februari saa saba mchana kwenye feri ya Likoni watu wamebanana halafu uje uniambie. Na jua ya kwamba wigi la nailoni halipakwi rangi ya nywele, haishiki, na pasi ya moto inaliyeyusha kama halijaandikwa linastahimili joto. Ukitaka wigi utakalolibadilisha rangi, lazima liwe la nywele za mtu, na bei yake unaijua.

Uzuri wa wigi ni kwa mtu ambaye kazi yake au shule haimruhusu, au mama mkwe haruhusu, tusidanganyane. Wiki unakuwa na nywele zako nyeusi na heshima zako, Jumamosi unakuwa na kichwa cha bluu ufuoni Pirates.

Rangi zenyewe nazo hazilingani, na hapa ndio wengi hununua kwa macho. Nyekundu na ile ya damu ya mzee ndizo rahisi kwa nywele nyeusi, manake unywele mweusi ukipaushwa unapita kwanza kwenye nyekundu, halafu chungwa, halafu ndio manjano, kwa hivyo nyekundu huhitaji kupauka mpaka mwisho, unaikatiza njiani na nywele zinabaki na nguvu. Inatoka haraka, hilo ni kweli, kila josho unaona maji mekundu, lakini inatoka kwa adabu, inakwenda kwenye shaba na bado unaonekana ulikusudia. Zambarau nzito nayo inapendeza juu ya unywele ambao haujapauka sana, ila ikififia inaweza kukuacha na kijivujivu au kahawia, kondishina ya rangi inaiokoa vizuri.

Bluu ni ya mtu aliyejitolea. Inataka unywele mweupe kabisa, kukiwa na manjano unapata kijani ndani ya wiki mbili tatu, kukiwa na chungwa unapata tope. Na halafu ikifika kile kijani inagoma kutoka, unaosha na kuosha kijani kiko, unataka kwenda pinki huwezi. Kijani chenyewe kwa hiyo sababu ndicho kinachodumu, na mtu mwenye bluu inayokasirisha mara nyingi suluhu yake ya bei nafuu ni kukubali kijani na kutia kondishina ya kijani. Pinki kali inakwenda pichi, si mbaya. Zile nyepesi sana, pinki ya mtoto, zambarau ya kufifia, bluu ya mawingu, hizo kwa maji yetu zinaondoka kwa josho mbili tatu, na kuzipata lazima nywele ziwe zimepaushwa mpaka zimekonda. Ukizitaka kweli kweli vaa wigi, nasema bila kupepesa macho.

Kuna mambo utaambiwa na kila mtu, nikupe haraka haraka. Chumvi: mama zetu huloweka leso mpya kwenye maji ya chumvi ati rangi isitoke, basi kuna wanaofanya hivyo na nywele. Kwa nywele haifungi chochote, inakausha tu, acha. Ndimu pia, wanaotia kwa ajili ya mba, ndimu na jua vinapausha nywele, na kwenye unywele wa blichi ni kuongezea ukavu. Siki kijiko kimoja viwili kwenye lita ya maji kama suuzo la mwisho, hiyo sawa, inalaza magamba na nywele zinang'aa, hasa kwa maji ya kisima, lakini haitafanya rangi idumu miezi kama unavyoahidiwa. Mafuta ya nazi tunayo mlangoni na yana faida ya kweli, paka usiku kabla ya kuosha, yanapunguza maji kuingia kwenye unywele na proteni inayopotea, ila usiyapake siku ya kupaka rangi yenyewe, yatazuia rangi isishike.

Hina ni habari nyingine kabisa na huku kwetu iko kila nyumba. Hina safi ya majani haitoki, inanasa kwenye unywele, inatoa chungwa la kukolea au wekundu wa kahawia, na ukiipaka juu ya nywele ulizopausha utapata rangi ya kumulika ambayo hutaiondoa kirahisi. Kama unapenda nyekundu na umechoka na kazi ya kila wiki, hina kwa kweli ndiyo isiyokutaka utunze, mashina tu. Lakini zile hina za pakiti zilizochanganywa na vitu, zingine zina chumvi za madini, na ukija baadaye ukapiga blichi juu yake zinaweza kupata moto kichwani hapo hapo, moshi na yote. Ukiwa hujui ndani ya pakiti mna nini, kata kinywele kidogo kwa nyuma kiweke kwenye blichi uangalie kwanza. Na piko ya mkononi, ile nyeusi ya kuchorea, usilete kichwani, ile dawa yake inawachoma watu ngozi vibaya, nishaona mikono ya maharusi imevimba.

Bahari na swimingipuli. Kabla ya kuingia, lowesha nywele kwa maji safi na upake kondishina, unywele ulioshiba hauna nafasi kubwa ya kunywa maji ya chumvi, halafu zisuke mkia mmoja, ukitoka suuza. Puli ya hoteli ni mbaya zaidi kuliko bahari, klorini inaila rangi yenyewe, na kama mna shaba kwenye maji basi nywele za manjano zinageuka kijani bila hata kupaka. Wanaoogelea kila wiki warudi kwenye wigi au wanunue kofia ya mpira.

Moto pia. Pasi ya nywele ikipita kwenye rangi kali unaiona rangi inabadilika pale pale, hasa pinki na zambarau. Wenye nywele za asili wana nafuu hapa, osha, tia kondishina, kunja, basi. Wanaopenda kunyoosha wapunguze moto, chini ya nyuzi 180 za Selsiasi, na wasipitishe mara mbili mahali pamoja.

Imebaki mashina. Nywele zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo hata ukitunza rangi vipi, mwezi wa pili kuna mstari mweusi. Hapa njia zote mbili za nyumbani zinafika mwisho wake, manake kondishina haionekani kwenye mweusi na rangi mpya haionekani. Blichi ya mashina nyumbani inawezekana lakini mimi naipeleka saluni, si kwa sababu ya kuchanganya, kuchanganya ni unga na developa tu, ni kwa sababu ile blichi isiguse sehemu iliyokwisha kupaushwa, na wewe huoni kisogo chako. Ikigusa mara mbili tatu unywele unakatika pale kwenye mpaka. Ukilazimika kufanya nyumbani tafuta shosti mwenye mkono mtulivu, developa ya 20, yaani asilimia 6, usikimbilie ya 40, na jaribu kidogo nyuma ya sikio saa 48 kabla. Ama uliache shina jeusi makusudi, rangi ianze katikati, siku hizi ni mtindo na unajipa miezi mitano sita bila kugusa blichi, huku unatia kondishina yako ya rangi kila wiki kuanzia pale rangi inapoanzia kwenda chini.

Mwenye dredi nafuu yake ni hiyo hiyo, paka ncha tu. Dredi zinakawia kukauka, na kondishina ikibaki ndani kwa unyevu wa huku zinanuka, kwa hivyo nyinyi msifuate habari ya kondishina kila wiki, pakeni rangi kamili kwenye ncha, suuzeni mpaka maji yawe meupe, halafu kaeni kwenye upepo wa bahari pale Mama Ngina mpaka zikauke mpaka ndani.